Kona za Unywele: Mhadhara wa Umma, Nyamigogo

 

Nianze kwa kuwaudhi wasusi: unywele mnaousuka umekufa. Uhai wake uko shinani, milimita chache chini ya ngozi. Huko chembe hai hugawanyika, hujaa keratini, protini ile ile ya kucha na pembe za ng'ombe, kisha hufa na kusukumwa nje, karibu sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo hakuna mafuta "yanayolisha" nywele, kopo liandikwe litakavyo.

Ng'oeni mmoja. Telezesheni vidole kutoka shinani kwenda nchani, halafu rudini. Mkirudi unakwaruza, sivyo? Ni magamba, yamelaliana kama vigae, yote yanaelekea nchani. Ndani yake kuna nyuzi za keratini zenye rangi, na humo ndimo nguvu ilimo: unywele mmoja wenye afya huweza kubeba gramu 100 hivi.

Umbo huamuliwa chini ya ngozi. Shimo unamoota unywele likinyooka, unywele huwa singa. Letu limepinda, na unywele wake ni bapa kidogo, basi unatoka ukijisokota. Kila kona ni mahali pa kukatikia, na mafuta ya ngozi hayafiki mbali kwa kupita kona nyingi hivyo. Binti anayelalamika kwamba nywele zake hazikui, zinakua. Zinakatika nchani kwa kasi ile ile.

Lakini msizionee aibu. Mwaka 2023 watafiti Tina Lasisi, Nina Jablonski na wenzao walichapisha jaribio la sanamu iliyopashwa joto, ikavishwa mawigi na kumulikwa kwa taa kali mithili ya jua. Wigi la kipilipili ndilo lililokinga kichwa vizuri kuliko yote. Na hapo ng'ambo ya Rusumo, Wanyarwanda walichonga amasunzu, yale matuta ya nywele yanayosimama yenyewe. Jaribuni kwa singa muone.

Sasa tuje kwenye kunyoosha. Chanuo la moto hulegeza vifungo vidogo tu, vile ambavyo maji huvirudisha. Mvua moja ya masika, na pesa ya saluni imekwenda. Dawa kali ya kunyoosha huvunja vifungo vya salfa, na hivyo havirudi. Baadhi hutumia kostiki, hiyo hiyo ya watengeneza sabuni, ndiyo maana kichwa huungua. Shina halina habari: nywele mpya huota kipilipili, na pale zinapokutana na zilizonyooshwa ndipo zinapokatika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikuta waliotumia dawa hizo zaidi ya mara nne kwa mwaka wakipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu ya wasiotumia. Haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Mimi ningesubiri nikiwa na nywele zangu.

Hata msuko wa twende kilioni una hatari yake ukikazwa mno. Shina likivutwa miaka mingi hupata kovu, na kwenye kovu nywele hazioti tena. Dalili huanzia pajini, vipele vidogo penye mwanzo wa mistari. Mtoto akishindwa kulala kwa maumivu baada ya kusukwa, mfumueni usiku huo huo.