Kelele za Ordinatere Ndani ya Redio: Maneno Tuliyowaambia Wanachama Kwenye Mkutano Mkuu



Habari za michango na za mbegu komite imekwisha kuzisema. Sisi tumepewa neno moja tu, lile ambalo limeleta maneno mengi kwenye avenyu yetu. Tangu ordinatere mbili na konvertisere zilipofika hapa biro, redio za majirani zinapiga mluzi. Televizyo ya jirani wa nyuma inaleta mistari. Kuna wanaosema kwamba chama kinaziba redio makusudi ili watu wasisikie habari. Mzee mmoja alikuja na posti yake kwapani akatuambia: "Hii posti nilisikiliza nayo kambini miaka yote, haikuugua hata siku moja. Hapa kwenu njo inaugua."

Tulicheka naye, lakini jambo lenyewe si la kucheka. Sisi tuliotoka Tanzania tunajua redio ni nini. Kule kambini wengi wetu tulijua habari za nyumbani kwa redio kabla ya barua kufika. Redio Kwizera ya Ngara ilianzishwa 1995 kwa ajili ya wakimbizi, na Redio Okapi inasikika Kongo tangu 2002. Hata leo, mtu hatoki kwenda shamba la mbali bila kusikiliza kwanza kama njia ni salama. Huyo mtu akikosa habari kwa sababu ya mashini yetu, tumemsaidia nini?

Basi, mluzi unatoka wapi? Si uchawi, na hakuna mtu anayeziba kitu. Ndani ya ordinatere kuna kitu kinachopiga kama saa, ila kinapiga mara mamilioni kwa sekunde moja. Kila pigo ni kurant inayowaka na kuzima ghafla. Kurant inayokatwa ghafla hivyo inarusha mawimbi, na mawimbi hayo ni ndugu wa mawimbi ya redio. Tena hayabaki mahali pamoja: yanazaa mengine ya mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Chukueni skrini za zamani zenye nukta 640 kwa 480. Zinakwenda kwa megahezi 25.175. Zidisha mara nne, unapata 100.7, katikati kabisa ya FM! Kama redio yako iko karibu na namba hiyo, na inakuja kwa nguvu kidogo kutoka mbali, skrini inaishinda.

Waya nazo zinafanya kazi ya antene bila kuambiwa. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na antene yake nzuri ni robo, ni kusema sentimita 75. Sasa pimeni waya wa skrini ulioko pale mezani. Njo hivyo.

Lakini ordinatere siyo mkosaji mkubwa hapa kwetu. Tulichukua posti ndogo ya batri, tukaiweka kwenye masafa ya kati mahali pasipo na stesheni, tukazunguka nayo biro nzima huku tukizima kitu kimoja kimoja. Kuzima ordinatere kulipunguza fujo kidogo tu. Kung'oa sharjere yake kwenye prizi kulipunguza zaidi. Wengi hawajui kwamba sharjere inaendelea kupiga kelele hata ordinatere ikiwa imelala. Tulipozima konvertisere, posti ilinyamaza kabisa, kama mtoto aliyepewa ziwa. Konvertisere, sharjere na regilatere nyingi za pano za jua zinakata kurant maelfu ya mara kwa sekunde ili kuigeuza. Zile za bei ya chini zinatengenezwa bila vile vipande vya kuzuia fujo, kwa sababu kila kipande ni makuta. Ampuli za LED za sokoni ni vilevile.

Kwa nini masafa ya kati na masafa mafupi yanaumia kuliko FM? Kule sauti imebebwa na nguvu ya wimbi, kupanda na kushuka, na fujo nayo ni kupanda na kushuka. Posti haiwezi kuzitenganisha. FM haijali sana nguvu. Televizyo ya zamani inaonyesha mistari au theluji, na ile ya kidijitali inaganda na kukatika vipande vipande.

Hatukuanza sisi. Mwaka 1975 kule Marekani, kijana anayeitwa Steve Dompier aliweka redio juu ya ordinatere ya Altair, akaandika programu iliyofanya ile fujo itoke kama wimbo, na wenzake wakapiga makofi. Majirani wenye televizyo hawakupiga makofi. Malalamiko yalipozidi, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliweka sheria 1979: mashini ya nyumbani isirushe fujo kupita kipimo fulani, na kipimo cha nyumbani kiwe kikali kuliko cha ofisi, maana nyumbani ndiko kwenye redio na televizyo. Ordinatere moja iliyojulikana sana, TRS-80 ya kwanza, iliondolewa sokoni kule mwanzoni mwa 1981 kwa sababu haikuweza kufuata hiyo sheria. Ni kusema dawa ipo, na inajulikana tangu wengi wetu hatujazaliwa.

Kwa wasaidizi wetu, tunawaomba jambo moja bila kuzunguka. Munapotununulia konvertisere au regilatere, washeni kwanza pale dukani na posti ya batri iwe kando, kwenye masafa ya kati. Ikipiga mluzi ya mita mbili, iacheni. Alama ya CE peke yake haitoshi, kwa kuwa mara nyingi mwenye kutengeneza anajiwekea mwenyewe. Afadhali konvertisere moja nzuri kuliko tatu za kelele.

Hapa biro tumekwisha kuhamisha konvertisere kutoka ukuta wa jirani hadi chumba cha upande wa pili. Fujo hizi zinapungua upesi sana ukizisogeza mbali, hata mita nne ni kitu. Waya mbili za batri tumezifupisha na kuzisokota pamoja. Waya wa sharjere tumeuzungusha mara tano kwenye pete nyeusi ya ferite iliyotolewa kwenye televizyo iliyokufa. Fundi yeyote wa redio anazo, usitupe zako. Na kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu, konvertisere inazimwa. Kijana wa zamu asiguse, hata kama mtu analia simu yake haina moto.

Nyumbani, sikilizeni kwa batri badala ya prizi, maana fujo nyingi inaingia kwa waya. Kwa masafa ya kati, geuzeni posti yenyewe polepole: ndani yake kuna kijiti cha antene kinachosikia upande mmoja kuliko mwingine, na mara nyingi kuna pembe ambayo mluzi unapotea na stesheni inabaki. Wanawake wawili wa kundi la akiba wameijaribu, imewafaa.

Jumamosi tutapita nyumba zote zinazopakana na biro, tukianza na ya yule mzee. Mwenye posti inayosumbua mbali na hapa ailete asubuhi, na batri zake.