Langoni pa Shule, Hesabu Mita

Mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti na madereva wa matatu, waendesha bodaboda na wazazi, kabla ya shule kufunguliwa



Ukitoka Mtwapa kwenda Malindi unapita Kikambala, Vipingo, Matsangoni na Gede, na kote huko watoto wanavuka barabara kuu kwa miguu. Sheria ya Trafiki inasema ukiwa ndani ya mji au kituo cha biashara usizidi kilomita 50 kwa saa. Dereva wa matatu atasema gari lake lina kidhibiti mwendo. Sawa, lakini hicho kinakuzuia kupita 80. Langoni pa shule ni mguu wako tu.

Tufanye hesabu. Kwa mwendo wa 50, kila sekunde unakwenda karibu mita 14. Jicho lione mtoto, mguu ufike kwenye breki: sekunde moja imekwisha na breki bado haijashika. Lami ikiwa kavu na matairi mazima, utahitaji mita nyingine 14 hivi. Jumla 28. Kwa mwendo wa 30, yote ni kama mita 13. Mtoto akitokea mita 15 mbele yako, wa 30 atasimama. Wa 50 atamgonga gari likiwa ndiyo kwanza linaanza kupunguza kasi. Mvua ya masika ikinyesha, ongeza mita.

Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka 30 pale watu na magari wanapochangamana. Kwa hiyo 50 ni kikomo, hakuna aliyekulazimisha kukifikia.

Mtoto naye hatokei kama mtu mzima. Anashuka kwenye matatu, anapita mbele ya gari hilo hilo, na kimo chake hakifiki dirishani. Makanga, shuka naye umvushe, abiria watasubiri. Gari la mbele likisimama kwenye kivuko cha milia, usilipite, hata kama huoni limesimamia nini. Na msidhani saa za hatari ni asubuhi na jioni tu: watoto wa PP1 na PP2 hutoka mapema, wakati barabara inaonekana tulivu.

Sasa bodaboda. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na mtoto ni abiria. Hakuna kifungu kinachosema watoto watatu ni sawa na mtu mzima mmoja. Najua hesabu ya mzazi: nauli tatu asubuhi, tatu jioni, siku tano. Ni nzito. Lakini mwendeshaji akikataa kumpakia wa pili, mama, usimwite mwenzake aliye tayari. Wanaokaa karibu, watembee kwa kikundi na mtu mzima mmoja. Zamu ya wazazi haina nauli.

Kuhusu matuta. Barabara ya Mombasa–Malindi iko chini ya KeNHA, si kaunti, na kuchoma matairi barabarani hakubadilishi hilo. Bodi ya shule iandike barua, itaje lango liko wapi na watoto wanavuka saa ngapi, iipeleke KeNHA na nakala kwa msimamizi wa wadi. Kwa barabara za kaunti, barua hiyo ije kwetu moja kwa moja.

Nani ana swali?