Uamuzi wa Halmashauri Huanzia Kijijini

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na Mtendaji wa Kata mstaafu mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimeombwa nieleze jinsi Halmashauri ya Wilaya ilivyoundwa na jinsi inavyofikia maamuzi yake. Jambo hili huonekana kuwa la kawaida mno, hata sisi tulioajiriwa kulitumikia hatujisumbui kulisoma. Mtu akisikia kwamba Halmashauri imekataa, huridhika, kana kwamba Halmashauri ni mzee mmoja aketiye ofisini huko makao makuu ya wilaya.

Hapana budi tukumbuke kwanza kwamba chombo hiki kiliwahi kuondolewa. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikakabidhiwa kwa watumishi wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Madhumuni yalikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi. Kwa maoni yangu, kilichosogea zaidi ni maofisa. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na zile za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984 kwa mujibu wa Sheria Namba 7 ya mwaka 1982. Katika mwaka huo wa 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba, kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa ni mojawapo ya mambo ambayo asingeyafanya. Hivi leo vyombo hivi vimo katika Katiba yetu, Ibara ya 145 na ya 146.

Sasa tuitazame njia ambayo uamuzi huipita. Msingi wake ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mkutano huo ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Kutoka hapo mapendekezo hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo Mwenyekiti wake ni Diwani na Katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Wenyeviti wa vijiji ni wajumbe humo.

Baada ya kata, karatasi huingia wilayani. Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza njia. Tunadhani kwamba jambo litaamuliwa siku Baraza la Madiwani litakapokutana, siku ambayo ukumbi hujaa na wananchi huruhusiwa kuja kusikiliza. La hasha. Kabla ya siku hiyo wakuu wa idara, wakiongozwa na Mkurugenzi Mtendaji, huwa wamekwisha kuketi na kuandaa taarifa. Kisha taarifa hizo hupelekwa kwenye kamati za kudumu: ile ya elimu, afya na maji, ile ya uchumi, ujenzi na mazingira, na hasa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambayo hukutana kila mwezi chini ya Mwenyekiti wa Halmashauri. Baraza lenyewe hukutana kwa kawaida mara moja kila miezi mitatu. Wajumbe wake ni madiwani waliochaguliwa katani, madiwani wanawake wa viti maalumu, na Wabunge wanaowakilisha majimbo ya wilaya hiyo. Mkurugenzi ni Katibu wa Baraza; yeye na wakuu wa idara huzungumza wanapotakiwa kutoa maelezo, lakini hawapigi kura. Katika mikutano niliyohudhuria kwa miaka mingi, ni mara chache nimeona Baraza likipindua jambo ambalo kamati imeliafiki. Na jambo lisilofika kwenye kamati huwa halina hata mahali pa kujadiliwa.

Hili la mwisho nalijua kwa uchungu. Kijiji kimoja katika kata niliyoitumikia kilijenga boma la madarasa mawili. Wananchi walifyatua matofali, wakayachoma, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta. Kilichobaki ni bati, mbao na misumari, ambavyo waliiomba Halmashauri. Kamati ya kata ilikubali kwa kauli moja. Mimi, Katibu, niliuacha muhtasari katika daftari kwa wiki tatu, nikidai kwamba nina kazi nyingi. Ulipofika wilayani, kamati inayohusika ilikuwa imekwisha kukutana, na makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai yalikuwa yamefungwa. Masika yakalikuta boma likiwa wazi. Kijijini ikasemwa kwamba Halmashauri imewadharau, na Diwani ndiye aliyezomewa mkutanoni. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake nikiandika muhtasari mwingine.

Msinielewe kwamba kila kosa ni la makarani. Mamlaka ya madiwani yana mipaka mikubwa, na si vema walimu kuwafundisha watoto kinyume cha hivyo. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, hachaguliwi na Baraza. Kwa hiyo madiwani wanaweza kuazimia jambo, na utekelezaji ukawategemea watu ambao hawakuwaajiri. Sehemu kubwa ya fedha hutoka Serikali Kuu pamoja na ukomo wa bajeti na maelekezo ya matumizi. Hata mapato ya ndani hayako huru yote: tangu mwaka 2018 sheria inataka asilimia 10 itengwe kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ndogo inayotungwa na kijiji haina nguvu mpaka Halmashauri ya Wilaya iikubali, na ile ya wilaya nayo husubiri idhini ya Waziri. Wapo wanaosema kwamba kwa hali hiyo vikao ni kupoteza muda. Mimi siafiki. Mahali ambapo fedha ni kidogo, kinachoshindaniwa ni nafasi ya kwanza katika orodha, na orodha hiyo hupangwa vikaoni, kwa karatasi zilizopo mezani siku ile.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu anayetaka choo cha wanafunzi asingoje ziara ya kiongozi. Ajue tarehe ya kikao cha kata, apeleke idadi ya wanafunzi na ya matundu yaliyopo, kisha amuulize Mtendaji wake kama muhtasari umekwisha kuondoka, na umepokelewa na nani.

Boma lile liliezekwa katika mwaka wa fedha uliofuata, baada ya ukuta mmoja kubomolewa na kujengwa upya kwa nguvu za wananchi walewale. Muhtasari wa safari hiyo niliuandika usiku uleule wa kikao, kwa taa ya chemli, nikaupeleka wilayani mwenyewe kwa baiskeli.