Ubishi wa Msondo na Sikinde

Mlio darasani, kaeni vizuri. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno mawili: MSONDO na SIKINDE. Yasomeni kwa sauti, pole pole. M-so-ndo. Si-ki-nde.

Najua baadhi yenu mmekwisha kutabasamu na wengine mmekunja uso. Pale Kariakoo ni vigumu kuyataja majina haya pamoja bila mtu kuuliza: ipi zaidi?

Kwa ninyi mnaotusikiliza kutoka mbali, nitaeleza. Msondo ni ngoma ndefu ya asili, na Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Lakini mjini Dar es Salaam majina hayo yamekuwa mitindo ya bendi mbili za dansi. Bendi ya Msondo ilianza mwaka wa 1964, ikiitwa NUTA Jazz, nayo ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Bendi ya Sikinde ni Mlimani Park, iliyoanza mwaka wa 1978. Mwaka wa 1983 ikachukuliwa na shirika la DDC, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa kama nyumbani kwake.

Sasa tuwasikilize watu wawili wamekaa barazani, kahawa mkononi.

"Msondo ni baba ya muziki," asema mzee.

"Baba amezeeka, mzee wangu," ajibu kijana. "Sikinde ndiyo ngoma."

"Wewe ulikuwa wapi NUTA ilipokuwa ikipiga?"

"Sikuwapo, mzee, lakini masikio ninayo."

Muuza kahawa anacheka, anaendelea kumimina. Ubishi huu unamletea wateja. Baada ya dakika tano sauti zimepanda, na hakuna hata mmoja anayezungumza juu ya muziki tena. Wanazungumza juu ya umri na adabu.

Ndugu zangu, mimi sikatazi ubishi. Mji usiobishana juu ya muziki wake ni mji usiosikiliza. Lakini tutazame maneno yao. Mtu akisema, "Naipenda Msondo," hakuna cha kubisha. Moyo ni wake. Akisema, "NUTA ilianza kabla ya Mlimani Park," hapo tunaweza kutazama miaka, na tumekwisha kuitaja: 1964 na 1978. Mzee ameshinda, na kahawa anywe. Lakini akisema, "Msondo ni bora," inatupasa tumwulize: bora kwa kipimo gani?

Wimbo wa dansi wa Dar es Salaam, kwa kawaida, una sehemu mbili. Kwanza huja maneno, taratibu, habari ya ndoa au deni au jirani mwenye wivu. Kisha magitaa yanakaza mwendo, tarumbeta na saksafoni zinaitikiana, tumba zinalia, watu wanainuka vitini. Sehemu hiyo huitwa chemko. Huenda mzee anapima maneno na kijana anapima chemko. Watabishana mpaka alfajiri, mmoja akipima kitambaa kwa yadi na mwingine akipima sukari kwa mizani.

Liko swali gumu zaidi, nalo ndilo nililotaka tulifikie leo. Bendi ni nani?

Mfikirieni mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwa sauti kubwa ya NUTA Jazz. Mwaka wa 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park. Mwaka wa 1985 yeye na Hassani Bitchuka, pamoja na wenzao kadhaa, wakahamia Orchestra Safari Sound, na mtindo wao ukaitwa Ndekule. Baadaye Gurumo akarudi Msondo, na Bitchuka akarudi Sikinde. Basi yule aliyeapa kwamba watu wa Sikinde hawajui kuimba, alimtukana nani? Alimtukana mtu yule yule aliyempigia makofi mwaka uliotangulia.

Walipohama mwaka 1985, wako mashabiki waliosema Sikinde imekufa. Haikufa. Iliingiza waimbaji wengine ikaendelea kupiga. Alikuwapo Michael Enoch, mpiga gitaa wa zamani wa Dar es Salaam Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka wa 1932, na watu walimwita Mwalimu kwa kuwa aliwafundisha wengi. Kumbe mtindo unaweza kufundishwa, na kinachofundishwa hakiondoki na mtu mmoja.

Wala ubishi huu si wa Kariakoo peke yake. Huko Birmingham, Uingereza, ilikuwako bendi ya muziki mzito wa magitaa iliyoitwa Black Sabbath. Mwaka 1979 ilimwondoa mwimbaji wake, Ozzy Osbourne, ikamchukua Ronnie James Dio. Tangu siku hiyo wapenzi wa muziki huo wanagombana: je, Black Sabbath bila Ozzy ni Black Sabbath? Wengine husema jina ni la yule anayepiga gitaa, wengine husema ni la sauti. Wangekaa barazani na yule mzee wetu wangeelewana mara moja.

Mimi nina rai yangu. Bendi zetu nyingi zilikuwa na mwenyewe: chama, shirika, au tajiri. Magitaa yalikuwa yake, jina lilikuwa lake, na wanamuziki walikuwa watu wa mshahara. Aliyeitwa kwenye mshahara mzuri zaidi, alikwenda. Kuli wa bandarini akihama kampuni hatumwiti msaliti. Fundi cherehani akihamia duka la jirani tunamfuata huko huko na kitambaa chetu. Kwa nini mwimbaji aitwe msaliti? Naona si haki.

Mwaka 2013, Gurumo alipostaafu baada ya kuimba zaidi ya miaka hamsini, alieleza kwamba muziki haukumpatia hata gari. Kijana wa muziki wa siku hizi, Diamond Platnumz, ndiye aliyempa gari. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, mzee Gurumo alifariki. Kwa miaka yote hiyo mashabiki wa pande mbili tuligombea sauti yake, yetu au yenu, na ni wachache waliouliza analipwa nini wimbo wake unapopigwa.

Sasa chukueni daftari. Andikeni sentensi tatu juu ya bendi au mwimbaji mmoja mnayempenda. Ya kwanza ianze na neno "Napenda". Ya pili iwe habari ambayo jirani yako anaweza kuichunguza, kama mwaka au jina. Ya tatu ianze na "Ni bora kwa sababu", na baada ya neno "sababu" msiandike matusi. Kisha kila mmoja ampe daftari mwanafunzi wa upande mwingine alisome kwa sauti. Mwalimu wa darasa, kama wote ni wa Msondo, tafadhali wewe uwe Sikinde.