KUKOROMA SI JAMBO LA KUCHEKA TU

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi na wenzenu wa genge la njia ya reli)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme juu ya usingizi. Twajua baadhi yenu mtacheka, kwa kuwa mmezoea kusikia hapa habari za mshahara na nyumba. Lakini mkitusikiliza mtaona ya kuwa jambo hili ni la kazi kama yale mengine.

Sisi wa genge twalala kambini, watu 6 katika chumba kimoja. Mwenzetu mmoja alikuwa akikoroma sana. Tulimpa jina, tukamwita Injini. Usiku tulimtupia viatu, na asubuhi tuliiga sauti yake huku tukinywa chai, naye akacheka pamoja nasi. Mchana alikuwa akisinzia. Akikaa chini kidogo tu, kichwa chaanguka. Nyapara alimwita mvivu, na sisi pia tulimwita mvivu.

Siku moja tulikuwa tukishindilia kokoto chini ya mataruma, mahali penye kona. Yeye ndiye aliyewekwa mbele na bendera nyekundu na kipenga, atuonye gari likija. Jua lilikuwa kali. Tukiwa tumeinama, mmoja wetu akahisi reli inatetemeka. Kipenga hatukusikia. Tuliruka sote, tukaacha sururu na mitaimbo pale pale, na gari likapita. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Mwenzetu tulimkuta ameketi juu ya kokoto, bendera mkononi, anakoroma.

Hasira yetu ilikuwa kubwa. Jioni ile wengi wetu tulisema afukuzwe. Naye akaandikiwa barua ajieleze kabla ya kuachishwa kazi. Mjumbe wa chama alipokuja kambini kuuliza habari, ndugu anayelala kitanda cha karibu akasema, "Huyu usiku pumzi yake hukatika. Hukoroma, kisha hunyamaza kimya, nami nahesabu mpaka 15 au 20, halafu hushtuka kama mtu aliyetolewa majini. Ni hivyo usiku kucha."

Mjumbe akamwuliza, "Umelijua hili tangu lini?"

Akajibu, "Huu ni mwaka wa pili."

Basi tukatazamana. Sote tulikuwa tumesikia, na hakuna aliyemwambia. Aliyelala hajisikii mwenyewe. Sisi ndio tuliokuwa masikio yake, nasi tulikuwa tukicheka.

Daktari alitufafanulia hivi. Mtu akilala, nyama za koo hulegea na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa ikipita mahali hapo pembamba hutikisa kilimi na nyama laini, na huko ndiko kukoroma. Wengi hukoroma bila madhara makubwa. Lakini kwa wengine koo huziba kabisa, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi katika usiku mmoja. Kila mara mwili hushtuka ili upate hewa. Mtu huyo huamka amechoka kama asiyelala, kinywa kikavu, pengine kichwa chamuuma. Mchana usingizi humshinda hata akitaka kukesha. Tena ugonjwa huu huenda pamoja na shinikizo la damu. Huo si uvivu, ndugu zetu. Ni ugonjwa, nao una dawa.

Msidhani ni habari ya kambi yetu tu. Tarehe 1 Desemba mwaka 2013, huko New York, Marekani, treni ya abiria iliingia kwenye kona kwa mwendo wa kilomita 132 kwa saa, nayo kona ile yataka kilomita 48 tu. Watu 4 walikufa na wengi wakaumia. Baadaye dereva alipopimwa, alikutwa na ugonjwa huu huu, nao ulikuwa mkali. Hakuna aliyekuwa ameugundua. Tena zamu yake ilikuwa imebadilishwa wiki 2 tu kabla ya ajali, kutoka ya mchana kwenda ya alfajiri.

Sasa, mtu afanye nini? Twayasema haya kwa kuwa tumeyajaribu kambini.

Kwanza, lala kwa ubavu. Ukilala chali ulimi huangukia nyuma na kuziba njia. Mwenzetu tulimshonea mfuko mgongoni mwa fulana, tukatia mpira mdogo ndani. Kila akigeuka chali, mpira humwamsha.

Pili, acha pombe saa 3 au 4 kabla ya kulala. Pombe huleta usingizi upesi, lakini hulegeza koo. Vidonge vya usingizi navyo ni hivyo, usimeze bila daktari.

Tatu, mwenye mwili mnene apunguze, maana mafuta ya shingoni huibana njia ya hewa. Na sigara huvimbisha koo na pua.

Nne, wa zamu ya usiku alale mara afikapo nyumbani. Ziba dirisha kwa blanketi, na chai nzito au kahawa uache mapema. Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi, na watoto wa jirani waombwe kwa upole wachezee mbali.

Lakini pumzi ikiwa inakatika, mpira wa mgongoni hautoshi. Nenda hospitali. Iko mashine inayopuliza hewa kwa kifuniko cha puani ili koo lisizibe. Ilibuniwa Australia na daktari Colin Sullivan, naye akaieleza mwaka 1981. Bei yake ni kubwa kwa mtu wa mshahara wetu, na hilo ni neno la kuliweka mezani chama kinapozungumza na waajiri juu ya matibabu.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema ya kuwa mwajiri kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa, kwa kazi mbaya au kwa kukosa uwezo wa mwili, lazima amweleze sababu na amsikilize, naye ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama. Mwenzetu alisikilizwa hivyo. Ndugu wa kitanda cha karibu alisema aliyoyasikia usiku, na barua ya daktari ikasomwa. Hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye bendera, akapewa kazi nyingine akitibiwa. Hajapona kabisa, lakini mchana yu macho, na jina la Injini tumelifuta.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi twaongeza: na mwenye kumfichia mwenzake humsaidia kifo. Usiku wa leo, ukisikia pumzi ya jirani yako inakatika, usitupe kiatu. Hesabu. Asubuhi umwambie, kisha umwambie mjumbe wa chama.