Kijana Akirudi Nyumbani Kutoka Hospitalini



Kijana anaporuhusiwa kutoka wodi ya afya ya akili, familia hushusha pumzi na kudhani hatari imebaki hospitalini. Sivyo. Utafiti katika nchi nyingi umeonyesha kwamba wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ndizo zenye hatari kubwa ya kujidhuru. Wodini kulikuwa na muuguzi usiku na mchana, na dawa zilitolewa kwa saa zake. Nyumbani, iwe Othaya, Karatina au Naromoru, anakuta shida zile zile alizoziacha na majirani wanaonong'ona.

Anayehitaji kuangaliwa zaidi ni yule aliyewahi kujidhuru, hata kama jeraha lilikuwa dogo. Wengine ni anayetumia pombe au mihadarati, aliyedhulumiwa utotoni, anayeonewa shuleni, aliyefiwa karibuni, na aliyeacha dawa kwa kukosa nauli ya kurudi kliniki. Mambo haya yakimkuta mtu mmoja kwa pamoja, hatari huongezeka. Lakini orodha hii haiwezi kumtambua kila aliye hatarini. Ndiyo maana kijana lazima aulizwe.

Wazazi wengi huogopa kuuliza wakidhani watampa wazo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Aulizwe faraghani, kwa upole, na asikemewe akijibu.

Hofu ya polisi nayo imewafanya wengi wafiche majeraha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyejidhuru anahitaji matibabu, wala si pingu.

Kabla kijana hajafika nyumbani, familia ijue tarehe ya kliniki na iweke nauli kando. Dawa zake zitunzwe na mtu mzima. Dawa za kunyunyizia kahawa na viazi zifungiwe kwa kufuli. Kijana akikubali, mhudumu wa afya ya jamii ajulishwe ili apite kumjulia hali.

Anayehitaji kuzungumza na mtu apige 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Dalili za hatari zikionekana, kijana asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali iliyo karibu mara moja.