Pishi Moja ya Mana

(Somo: Kutoka 16:32-34)

 

Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 16, twasoma juu ya mana ambayo Mungu aliwapa wana wa Israeli jangwani. Wengi wetu twakumbuka kwamba mana iliyobakizwa mpaka asubuhi iliingia mabuu. Lakini mwishoni mwa mlango ule twasoma juu ya pishi moja ambayo haikuoza. Musa alimwagiza Haruni aitie katika chombo na kuiweka mbele za Bwana, ili watoto ambao hawajazaliwa wakione chakula walicholishwa baba zao. Pishi ile haikuwekwa ili iliwe. Iliwekwa ili mtoto akiiona aulize, naye aelezwe.

Leo nataka kuwaambia mahali nilipoyafahamu maneno hayo. Haikuwa kanisani, wala darasani katika chuo cha theolojia. Ilikuwa ndani ya ghala, chini ya nyumba ya Wamormoni, katika jimbo la Utah huko Marekani, wakati wa baridi kali.

Mwenye nyumba ile nalimjua tangu ujana. Alipokuwa na miaka 19 kanisa lake lilimtuma Kenya kwa miaka miwili, na siku moja akafika kwetu Ukambani na mwenzake, shati jeupe na tai shingoni. Tulibishana juu ya Maandiko mpaka jua likatua, wala hakuna aliyemgeuza mwenzake. Wao wanacho Kitabu cha Mormoni, ambacho sisi hatukipokei kuwa Neno la Mungu, na juu ya Mungu Baba na Mwanawe mafundisho yetu si mamoja. Sikuyaficha hayo siku ile, wala siyafichi leo. Lakini mama yangu alimpa kijana yule muthokoi, naye akala sahani mbili. Hakusahau. Nilipokuwa masomoni Marekani aliniandikia barua: "Njoo kwetu. Sasa ni zamu yetu kukulisha."

Basi nikaenda, Januari 2012. Nyumba yao iko katika bonde la Cache, kaskazini mwa Utah. Asubuhi ya kwanza, kabla hakujapambazuka, nilisikia beleshi likikwaruza nje. Theluji ilikuwa imefika magotini. Baba na mwanawe wa miaka minane walikuwa wakifungua njia mbele ya nyumba ya mjane jirani yao. Walipomaliza kwake ndipo wakaanza kwao.

Ndani, mama wa nyumba alikuwa akisaga ngano kwa mashine ndogo na kuoka mkate. Chai haikuwako. Wamormoni hawanywi chai wala kahawa wala pombe, wala hawavuti tumbako, kwa kufuata agizo ambalo kanisa lao lililipokea mwaka 1833. Ndugu zangu, mimi Mkenya, katika baridi ile, jinsi nilivyotamani kikombe kimoja cha chai ya maziwa, Mungu ndiye ajuaye! Nilipewa kakao ya moto, nikashukuru.

Mchana tulikula viazi vilivyookwa pamoja na jibini na malai. Niliuliza chakula kile chaitwaje. Wakacheka, wakasema ni viazi vya matanga. Mtu akifiwa, akina mama wa kanisa humpelekea viazi hivyo, ili aliye na msiba asihangaike na jiko. Hapo nilijiona niko nyumbani.

Kisha wakanishusha ghalani. Palikuwa na rafu mpaka darini: mapichi katika chupa za kioo yaliyotiwa wakati wa mavuno, nyanya, maharagwe, na madebe ya ngano. Nikauliza, "Je, mnaogopa vita?" Nyanya wa watoto, mama yake rafiki yangu, akanijibu, "La, Mchungaji. Sisi ni wajukuu wa watu walioishiwa na unga."

Jioni ya Jumatatu nikaelewa. Kwa desturi yao jioni hiyo ni ya jamaa. Viongozi wao waliihimiza desturi hiyo tangu 1915, na mwaka 1970 siku ya Jumatatu ikatengwa kwa kazi hiyo. Hakuna mkutano kanisani. Wote huketi pamoja, huimba, hujifunza, huomba, kisha hula kitu kitamu. Jioni ile baba alisimulia habari za mwaka 1856.

Mwaka huo watu wa dini yao, wengi wao maskini kutoka Uingereza na nchi za Skandinavia, walisafiri kwenda Utah kwa miguu, wakivuta mali yao kwa mikokoteni. Naam, mikokoteni, kama ile tuionayo sokoni. Vikundi viwili vya mwisho, wapata watu 1,000, walichelewa kuondoka. Unga ukapunguzwa, ukapunguzwa tena. Mwezi wa Oktoba theluji ikawakuta nyikani, mahali paitwapo Wyoming leo. Zaidi ya watu 200 walikufa safarini.

Habari zilifika Salt Lake City tarehe 4 Oktoba. Kesho yake ilikuwa siku ya ibada. Kiongozi wao, Brigham Young, hakuhubiri juu ya mambo ya mbali. Aliwaambia kwamba dini yao siku hiyo ni kwenda kuwaleta watu wale. Siku mbili baadaye magari ya kukokotwa na wanyama yaliondoka yamejaa unga. Na Jumapili ya 30 Novemba, kikundi cha mwisho kilipokuwa kikiingia mjini, aliahirisha ibada ya alasiri. Akawatuma watu nyumbani wakawapokee wageni, akisema kwamba sala ni njema, lakini saa ile viazi na maziwa vilihitajiwa zaidi.

Watoto wale waliijua habari hiyo kama wanavyojua majina yao. Ndipo mvulana yule akanigeukia, akauliza, "Na kwenu, ni nani aliyekuwa na njaa?"

Sikuwa na jibu. Niliona haya kama mtu aliyeulizwa jina la babaye akalisahau.

Nyanya akaniokoa, akaanza kusema yeye. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Wamormoni hufunga, huacha milo miwili, na thamani ya chakula kile huwapa maskini. Lakini tarehe 27 Januari 1985 kanisa lao huko Marekani na Kanada lilitangaza mfungo wa pekee kwa ajili ya wenye njaa Afrika, hasa Ethiopia. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 6. "Nami nilifunga," akasema, "mwanangu huyu alikuwa mdogo. Theluji ilianguka siku nzima. Niliwawaza akina mama wa Afrika."

Wapenzi wasikilizaji, mwaka 1984 mimi nalikuwa mtoto wa miaka sita. Sisi Wakamba njaa ile twaiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, maana mtu aliweza kuwa na fedha mkononi na chakula hakuna dukani. Nakumbuka mahindi ya manjano, na jinsi wenzetu walivyotucheka kwa kuyala. Zaidi ya hayo sikujua neno. Nyumbani hatukuisema njaa ile.

Niliporudi Kenya nilimwuliza mama, "Mwaka ule, tulipona namna gani?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, niliona haya kukuambia. Kulikuwa na wiki ambayo hata yale ya manjano hayakufika. Mama wa jirani alikuja usiku na gorogoro ya mahindi, akaigawa nusu kwa nusu mlangoni petu. Naye alikuwa na watoto watano."

Mama yule alikuwa amekwisha kufa. Nilimzika mimi mwenyewe, nikahubiri, nisijue ninamzika nani. Tena, kabla sijasafiri, mwanawe alikuwa amenijia kuomba msaada wa karo ya mtoto. Nilimjibu kwamba sina. Ndugu zangu, nilikuwa nazo.

Nilikwenda kwake jioni ile ile. Nilimwambia habari ya gorogoro, nikamwomba msamaha. Naye hakuijua habari ile. Mamaye hakuwahi kuisema. Tulilia wote wawili. Karo tuliipanga baadaye.

Nani wa kulaumiwa? Mama alinyamaza kwa haya, wala simlaumu. Lakini tazama kimya kile kilivyozaa: mtoto aliyelishwa akakua, akawa mchungaji, akawafungia mlango watoto wa yule aliyemlisha. Asiyejua kwamba aliwahi kulishwa hudhani kila kilichomo ghalani ni jasho lake mwenyewe. Ndiyo sababu Mungu aliamuru pishi ile iwekwe. Alijua kwamba Kanaani kuna mkate mwingi, na mwenye kushiba husahau upesi.

Mpenzi msikilizaji, pishi yako iko wapi? Juma hili, mkiisha kula, usiwashe redio wala televisheni. Mwulize mzee wa nyumba, "Ni nani aliyetulisha?" Kama mzee ndiwe, sema. Usione haya. Waambie watoto mwaka, na chakula, na jina la aliyegawa. Kisha tazameni kama watoto wake wako karibu, na kama wana haja.

Tuombe. Ee Baba yetu, ulitulisha tulipokuwa na njaa, kwa mikono ya watu tuliowasahau. Utusamehe. Utufumbue vinywa tuwaambie watoto wetu, na utufumbue mikono tuwape wenye haja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.